Mbwa kijana wa kuwinda mlimani bila kamba: kazi, mchezo au uasi?

Sheria ya Norwei inataka mbwa wote wafungwe kamba au wazuiwe kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti. Siku ya pili yake, watu wenye mbwa wa kuwinda ndege hupanda nyanda za juu za nchi ile na kuwafungua. Wamo wawindaji wazoefu, lakini wamo pia watu waliojichukulia seta, pointa au vizsla kwa kupenda umbo na upole wake, na ambao hawajawahi kushika bunduki. Mbwa ana miezi minane au kumi. Nyumbani anakaa na kulala kwa neno moja. Mlimani, dakika chache baada ya kufunguliwa, yuko mita 200 mbele, pua juu, anakata kushoto na kulia. Anaitwa na hageuki.

Mwenyewe akiuliza kulikoni, hupewa majibu yanayogongana. Mwindaji humwambia amwache, mbwa yuko kazini. Mkufunzi wa mjini humwambia mbwa huyo hajafundwa na sasa anampima bwana wake. Mlinzi wa wanyamapori humwambia mbwa wa namna ile asingefunguliwa kabisa. Kila mmoja ana ushahidi, na kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo. Msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba mwindaji ndiye aliyesema kweli kuhusu mbwa anachokifanya, lakini ushauri wake haufuati kutokana na ukweli huo. Mbwa yuko kazini, ila amezaliwa na nusu tu ya kazi yenyewe. Nusu ya pili haiji kwa umri wala kwa kuachwa.

Anachokifanya hasa

Tuanze na mwendo, kwa sababu hapo ndipo macho ya asiyejua humdanganya. Mbwa anayekimbia kushoto, akageuka, akakimbia kulia, akageuka tena, huonekana kama aliyelewa uhuru. Mtazame pamoja na upande upepo unakotoka, na mpango wake utajitokeza. Harufu ya ndege aliyejibanza kwenye vichaka vifupi huchukuliwa na upepo, ikapanuka na kufifia kadiri inavyokwenda. Mbwa anayekwenda moja kwa moja kuelekea upepo hunusa ukanda mwembamba tu. Anayeukata upepo kwa mapana hupekua eneo kubwa bila kulikanyaga lote. Mbwa vijana wengi hufanya hivi bila kufundishwa, ingawa kazi yao bado ina mapengo: wanaruka vipande vya ardhi, wanarudia palipokwisha kunuswa, na upepo ukitokea mgongoni wanakimbia mbele tu bila kurudi kuupekua.

Katikati ya mbio hizo huinua kichwa mara moja na kutazama nyuma. Ni tendo la sekunde moja na wengi hawalioni, lakini ndilo la thamani kuliko yote: anahakikisha mwenzake yuko wapi. Mbwa anayefanya hivyo mara kwa mara hajamwacha mtu, hata akiwa mbali.

Kisha anaganda. Mkia umenyooka, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, pua imeelekea mahali ambapo mtu haoni kitu. Mbwa mwingine akimwona katika hali hiyo huweza naye kuganda papo hapo, ingawa hajanusa chochote. Mtu asiyejua hudhani wamepatwa na hofu.

Raymond na Lorna Coppinger, waliochunguza mbwa wa kazi kwa miaka mingi huko Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 2001 kwamba uwindaji wa jamii ya mbwa ni mfululizo wa hatua: kugundua, kukazia macho, kunyemelea, kufukuza, kukamata kwa meno, kuua, kuchana na kula. Mbwa-mwitu anao mfululizo mzima. Katika mbwa wa kufugwa, binadamu amezirefusha hatua fulani na kuzififisha nyingine kwa kuchagua nani azae na nani. Mbwa wa kuchunga kondoo hukazia macho, hunyemelea na hufukuza, lakini hatakiwi kuuma. Labrado hukamata na kubeba bila kuponda. Pointa na seta wamerefushiwa ile hatua ya kukaza na kunyemelea hadi ikawa kituo. Katika msitu wa Ituri, Kongo, mbwa wa Wambuti walichaguliwa kwa kazi tofauti: kusukuma swala wa msituni kuelekea kwenye nyavu. Kwa kuwa mbwa wa jamii hiyo, wanaojulikana duniani kama basenji, hawabweki kama mbwa wengine, huvalishwa njuga za mti shingoni ili mwindaji ajue walipo. Wawindaji wa Norwei leo huwavalisha mbwa wao kifaa cha GPS kwa haja ileile.

Sasa, katika mfululizo huo wote hakuna hatua iitwayo kumngoja mtu. Mnyama anayenyemelea husimama ili aruke vizuri. Kwa hiyo mbwa kijana anayeganda, kisha akavamia, ndege wakaruka naye akawafuata hadi upande wa pili wa bonde, hajakosea kwa mujibu wa silika yake. Amemaliza sentensi jinsi alivyozaliwa kuimaliza. Kukaa pale mpaka mtu afike, kutulia ndege wanaporuka, kurudi kwa filimbi: hiyo ndiyo nusu ya pili, na hufundishwa.

Kuna hofu moja inayofaa kupunguzwa mapema. Mbwa aliyetoweka machoni si lazima awe amepotea. Watafiti wa Jamhuri ya Cheki walivalisha vifaa vya GPS mbwa wa kuwinda 27 na kufuatilia safari zao 622 za msituni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mbwa wengi walirudi kwa kufuata njia yao wenyewe. Wengine walikata njia mpya, na wengi wa hawa walianza kurudi kwa kimbio kifupi cha kama mita 20 kwenye mstari wa kaskazini na kusini, jambo ambalo watafiti walilihusisha na hisia ya usumaku wa dunia. Kwa mtembezi maana yake ni nyepesi: asiondoke mahali mbwa alipomwacha. Anayekimbia huku na huko akiita humharibia mbwa anayerudi.

Damu au malezi

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Walisema pia mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali ya kwanza inaweka tabia katika damu, ya pili inaiweka mikononi mwa anayemfuga, na mabishano ya kisasa kuhusu mbwa wa kuwinda hayajatoka nje ya hizo mbili.

Upande wa damu una shahidi mkongwe. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, alitaja kwamba yeye mwenyewe alishuhudia pointa kijana akionyesha windo mara ya kwanza kabisa alipotolewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukitumia taarifa za mbwa zaidi ya 14,000 wa aina 101 ulikuta kwamba tofauti za tabia kati ya aina na aina zina mizizi mikubwa katika urithi, na miongoni mwa tabia zenye mizizi mirefu zaidi ilikuwa kufukuza na wepesi wa kufundishika.

Upande wa pili ukapata nguvu mwaka 2022. Jarida la Science lilitoa utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, ukahitimisha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Magazeti yakaandika kwamba aina ya mbwa haina maana. Wenye pointa walicheka, na walikuwa na haki ya kushangaa.

Matokeo hayo mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Utafiti wa 2019 ulilinganisha wastani wa aina na wastani wa aina nyingine. Ule wa 2022 uliuliza swali jingine: ukimchukua mbwa huyu mmoja, jina la aina yake litakuambia kiasi gani? Tena ulipima hasa tabia za maisha ya kila siku, ambapo mbwa wote wana mengi yanayofanana. Kuganda mbele ya ndege si tabia ya sebuleni. Na hata utafiti huo ulikuta kwamba kati ya mambo yaliyotofautiana zaidi kwa aina ni utayari wa kuelekezwa na mtu.

Kazi ya zamani zaidi ilikwisha kutuonya tusichague upande mmoja. John Paul Scott na John Fuller waliwalea mbwa wa aina tano, basenji wakiwamo, kwenye maabara ya Bar Harbor katika jimbo la Maine, na mwaka 1965 wakatoa kitabu kikubwa kuhusu urithi na tabia. Waliziona tofauti za aina. Waliona vilevile tofauti kubwa ndani ya aina moja, na umuhimu wa wiki za tatu hadi kumi na mbili za maisha katika kumfungamanisha mbwa na watu. Mwenye seta kijana anapaswa kutarajia silika ya seta, lakini asishangae mbwa wake akiwa na kiu ya kuwinda kuliko ndugu zake, au akaikosa kabisa.

Umri unaochanganya

Sehemu kubwa ya lawama zinazoangushiwa silika ni za ujana. Mwaka 2020 Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia mbwa wachanga waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza wasioona. Katika umri wa miezi minane, mbwa hao walitii amri ya kukaa kidogo kuliko walivyotii wakiwa na miezi mitano, pale amri ilipotoka kwa mlezi wao. Mtu mgeni alipoitoa, kushuka huko hakukuonekana. Hao walikuwa labrado, goldeni na machotara wao, mbwa waliochaguliwa kwa utulivu. Kwa seta wa mlimani, kupungua kwa utii kunakutana na kuamka kwa hamu ya kuwinda katika miezi ileile. Anayempima mbwa wake wa miezi tisa kwa kipimo cha miezi mitano atadhani kazi yake yote imeharibika.

Ila ujana si kisingizio cha kungoja tu, na sababu ni hii: kufukuza hujilipa kwenyewe. Jaak Panksepp, mtaalamu wa neva aliyechambua hisia za wanyama katika kitabu chake cha mwaka 1998, alionyesha kwamba ubongo una mfumo wa kutafuta ambao raha yake iko katika utafutaji wenyewe, kabla ya kupata. Mbwa aliyemfukuza sungura kwa dakika tano na kumkosa tayari amelipwa. Kipande cha nyama mfukoni mwa mwenyewe kilichotolewa kwa kuchelewa hakiwezi kushindana na malipo hayo. Kila mbio ya namna hiyo ni somo, na mwalimu wake ni sungura.

Wanasayansi wa Norwei, Frank Christiansen na wenzake, waliwakutanisha mbwa wa kuwinda na kondoo chini ya uangalizi: mbwa wa kuwinda elki (kulungu mkubwa wa kaskazini), mbwa wa sungura, na seta wa Kiingereza. Mbwa wa elki ndio waliokuwa wakali zaidi kufukuza, na mbwa walio chini ya miaka mitatu walikuwa na hamu kuliko wakubwa. Aina na umri vyote vina neno.

Njia nne zinazogombaniwa

Njia ya kwanza ni kumwacha huru ajifunze na mlima. Ina hoja nzito, na wanaoidharau hawajawahi kumwona mbwa aliyeharibiwa kwa kuitwa mno. Mbwa anayeitwa kila dakika huacha kutafuta. Hukimbia mita 30 na kugeuka kumtazama mwenyewe usoni. Mashindano ya mbwa wa ndege ya Norwei huweka alama za kujitegemea na alama za ushirikiano sambamba, kwa sababu bila moja kazi haifanyiki. Tena ndege wana namna yao ya kufundisha. Mbwa akivamia mara nyingi wakaruka na kutoweka, wengine hugundua kwamba kuvamia hakuzai kitu, wakaanza kusimama kwa uangalifu zaidi.

Udhaifu wake ni kwamba somo hilo linategemea ndege. Sungura, kondoo na kulungu hawaruki. Wanakimbia chini, na kumfanya mbwa azidi kuwaka. Pia njia hii ilitungwa na wawindaji, na kwa mwindaji uhuru una mwisho: mbwa anaganda, mtu anafika, risasi inalia, ndege anaanguka, na mbwa anaelewa kwamba bila mtu hakuna windo. Mtembezi asiyewinda anaazima nusu ya kwanza ya utaratibu huo bila ile ya pili. Mbwa wake hujifunza kwamba mtu hana sehemu katika jambo bora la siku yake.

Njia ya pili ni kamba ndefu ya mita 10 au 15 mpaka utii ukamilike. Huzuia mbio zinazojilipa, na katika miezi ya hatari hilo ni jambo kubwa. Kasoro yake ni kwamba utii wa mita 10 si utii wa mita 200. Mbwa ambaye hajawahi kuwa mbali hana alipojifunzia kurudi kutoka mbali. Kamba hunasa vichakani, na kwa mbwa aliyeumbwa kukimbia, mwaka mzima wa hatua za binadamu ni mzigo unaoonekana.

Njia ya tatu ni mkanda wa umeme shingoni. Hapa mabishano ni makali na ushahidi hauko upande mmoja. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, uliochapishwa mwaka 2014, ulichukua mbwa 63 wenye tatizo la kutorudi wanapoitwa au la kufukuza mifugo. Waliofundishwa kwa mkanda hawakufanya vizuri kuliko waliofundishwa kwa zawadi, na walionyesha dalili zaidi za msongo. Mwaka 2024 Anamarie Johnson na Clive Wynne wakatoa utafiti wa mbwa 19 waliofukuza chambo kinachokimbia kwa kasi: waliopigwa umeme waliacha kufukuza, waliopewa chakula hawakuacha. Wapinzani wake wakajibu kwamba mafunzo yalikuwa mafupi mno kwa njia ya zawadi kuonyesha uwezo wake. Wales iliupiga marufuku mkanda huo mwaka 2010. Nchini Ujerumani mahakama kuu ya utawala ilifunga mlango mwaka 2006. Norwei kwa miaka mingi imeuruhusu kwa matumizi finyu, hasa kumzuia mbwa asifukuze kondoo, tena mikononi mwa watu wenye kibali.

Nionavyo, mkanda unaweza kuzima tendo moja, na kwa kondoo mlinganyo ni mgumu, maana upande wa pili kuna kondoo anayeraruliwa. Kwa ndege, ni chombo kibaya kwa mbwa kijana. Mbwa anayepata maumivu wakati pua yake imejaa harufu ya ndege anaweza kuyaunganisha na ndege, na ukampoteza mbwa uliyekuwa ukimtafuta. Na mkono wa mtu aliyekasirika hauna kipimo.

Njia ya nne ni kuingia kazini pamoja naye. Mtu anatembea akiukabili upepo, anapuliza filimbi mbwa akifika mwisho wa mkato wake, na mbwa akigeuka anaelekezwa kwa mkono upande mpya. Malipo yake ni ruhusa ya kuendelea kutafuta, kitu anachokitaka kuliko chakula. Kila akiinua kichwa kutazama nyuma anasifiwa. Amri ya kusimama hufundishwa uwanjani kwanza, kisha kwenye harufu hafifu, na mwisho mbele ya ndege. Inatumia silika ileile inayolalamikiwa. Gharama yake ni miezi mingi, na inamtaka mtu ajifunze upepo kama mbwa anavyoujua. Haimhakikishii mtu yeyote, hasa mwenye mbwa anayewaka kwa wanyama wa manyoya. Nayo haijapimwa na watafiti kwa upana ambao watetezi wake wangependa tuamini.

Wenye mlima

Mabishano ya wafugaji huwasahau wanaoishi pale. Ndege wa mlimani wa Norwei aitwaye rype hutaga chini. Jike akifukuzwa kiotani, mayai hubaki kwa kunguru na baridi. Wakati wa kiangazi kiasi cha kondoo milioni 2, wana-kondoo wakihesabiwa, huachiwa malishoni nchini humo, wengi wao bila mchungaji wa kushinda nao. Uswidi inataka mbwa wasitangetange penye wanyamapori kuanzia 1 Machi hadi 20 Agosti. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2000, inataka kamba isiyozidi mita mbili kwenye nyika za wazi kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai, na wakati wowote karibu na mifugo. Jimbo la Lower Saxony la Ujerumani limeweka 1 Aprili hadi 15 Julai. Tarehe zinatofautiana, sababu ni moja: kuzaa na kulea.

Kamba yenyewe haimalizi tatizo. Watafiti wawili wa Australia walionyesha mwaka 2007, katika misitu ya karibu na Sydney, kwamba kupitisha mbwa njiani kulipunguza idadi ya ndege walioonekana kwa asilimia 41 na aina zao kwa asilimia 35. Mbwa hao walikuwa wamefungwa kamba. Zipo sehemu ambazo jawabu pekee ni mbwa kutofika.

Afrika Mashariki inalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti. Mwenye pointa wa Nairobi au Arusha anayesoma miongozo ya Ulaya akumbuke kwamba hifadhi za taifa za nchi zetu hazipokei mbwa wa watalii, na kwamba chanjo inatangulia filimbi.

Mizani

Swali la kama mbwa kijana afunguliwe au asifunguliwe limeulizwa vibaya, kwa sababu linataka jibu moja kwa mbwa wote na miezi yote. Katika majira ya kuzaa, kamba. Hapo hakuna cha kupima. Karibu na kondoo, kamba, hata kwa mbwa aliyefuzu. Nje ya hapo, uamuzi utokane na mambo matatu yanayoonekana kwa macho: je, anatazama nyuma bila kuitwa? Je, anageuka kwa filimbi akiwa ananusa, si akiwa amechoka? Na mbio zake za mwisho zilikuwa za kutafuta au za kufukuza? Mbwa anayetafuta kwa mapana huku akihesabu alipo mwenzake anastahili uhuru hata kama yuko mita 200. Aliyenyoosha mgongo nyuma ya sungura hastahili hata mita 50 wiki hiyo.

Kati ya njia nne, ya nne ndiyo msingi, na ya pili ni mlinzi wake katika miezi ya sita hadi ya kumi na minane. Ya kwanza itumike kwa vipimo: dakika kumi na tano penye ndege na pasipo kondoo, upepo ukiwa usoni, kisha kamba tena kabla hajachoka na kuanza kujitafutia shughuli. Ya tatu ibaki pale sheria ya Norwei ilipoiweka, kwenye kondoo na kwa wenye kibali, au isiwepo.

Mtembezi asiyewinda ana deni moja zaidi. Alichukua mbwa mwenye nusu ya kazi, basi ampatie nusu ya pili kwa namna nyingine: kumrushia kifurushi cha kuleta baada ya kuganda na kutulia, kumfichia vitu atafute, kumfuatisha harufu ya nyayo. Na mbwa akiganda mbele ya ndege kwa mara ya kwanza, mtu asipige kelele ya furaha. Amsogelee taratibu kutoka ubavuni ili mbwa amwone, amshike mkanda, amsifu kwa sauti ya chini, kisha yeye mtu ndiye awaamshe ndege, mbwa akiwa ameshikwa.

Wapo watakaofanya yote haya kwa mwaka na nusu na bado mbwa akamfuata kila sungura. Wasimlaumu mbwa wala wasijilaumu. Avae mkanda wa kifuani wenye kamba ya mita 10, apewe nyayo za kufuata ardhini kila wiki, na pua yake itafanya kazi ileile kwa mwendo ambao mtu anaweza kuufuata.